Walburga Ashikilia Suruali ya Mwimbaji

Sogeeni, enyi wake kwa waume! Mwenye kutafuna na ameze, mwenye kusinzia na apigwe kikumbo, maana nasimulia habari za Walburga Pointner, shujaa wa sindano, simba jike wa uzi, ambaye kiangazi cha mwaka hamsini na nne, kando ya ziwa moja la Austria, aliiokoa filamu nzima kwa mkono mmoja.

Filamu yenyewe ilikuwa ya vichekesho na nyimbo tele, nayo ilibakiza tukio moja tu: mwimbaji Ferdinand Zehetner, sauti ya dhahabu, tumbo la pipa, asimame barazani pa hoteli, nyuma ya safu ya vyungu vya maua vilivyomfika magotini, amwimbie mpenziwe huku meli ikipita ziwani. Meli ilikodiwa kwa safari moja tu, na wingu jeusi, mfano wa jeshi la adui, lilikuwa tayari linashuka mlimani.

Ndipo Ferdinand, aliyemaliza punde madonge kumi na mawili ya unga yenye tunda la plamu ndani, alipovuta pumzi. Kifungo cha suruali yake nyeupe kikafyatuka kama risasi, kikazama majini.

“Mama Walburga, nishikie! Inateremka!”

“Ungebakiza hata donge moja, baba, tungepona.”

“Pini! Pini ziko wapi?” akalia Egon Haslauer, mwongozaji wa filamu.

“Ghorofa ya tatu, Bwana Egon.”

Meli ikapiga honi. Egon akaketi chini, akajishika kichwa. “Basi. Tumekwisha.”

Walburga akawatazama wanaume wale wawili. Alikuwa na miaka hamsini na minane, magoti mabovu, na miaka thelathini ya kuvisha watu wanaopigiwa makofi. Hasira ikampanda, naye akanena:

“Mimi niliyemshonea bibi harusi gauni mwilini mwake huku akikimbilia treni, leo nishindwe na suruali? Washa kamera! Nawe Ferdinand, uimbe kama mtu aliyefungwa mkanda!”

Akapiga magoti, akajikunyata nyuma ya maua, akapitisha mkono nyuma ya mapaja yale mapana, akaukamata upindo wa kiuno kama baharia akamatavyo tanga katika tufani.

Muziki ukaanza. Ferdinand alipiga hatua saba kuume, na Walburga akatambaa hatua saba juu ya kokoto. Akarudi kushoto, Walburga naye akarudi. Ndipo nyigu, mchokozi asiye na heshima kwa sanaa, akatua puani pa Walburga, akauma. Chozi likamtoka. Sauti haikumtoka, wala mkono haukulegea. Kwenye noti ya mwisho Ferdinand akaishiwa pumzi, tumbo likanywea, suruali ikapwaya yote. Walburga akaisokota ngumini, akasaga meno.

“Kata!” Na tone la kwanza la mvua likaanguka.

Baraza zima likashangilia. Egon akapiga magoti, akaubusu mkono ule. “Mama, mkono huu ungejengewa sanamu!”

“Acha kubusu, mwanangu. Niinue, magoti yamekufa.”

Ili ainuke, ilimbidi aachie. Ferdinand, aliyekuwa ameinua mikono yote miwili kupokea makofi, akabaki na chupi yake ya mistari mbele ya abiria themanini wa meli.

Na iandikwe hivyo, vizazi vijue: suruali ile haikuanguka mpaka Walburga Pointner alipoiruhusu.