Ekzosi ya Arusi ya Shamsia

Jumamosi, 28 Mei 1994. Kibiti.

Leo nimejua kwa nini gari langu linadharauliwa. Si mchanga. Si pengo la bampa. Ni ekzosi! Fundi Abdulswamadu amelala chini yake tangu asubuhi, akatoka na oili usoni, akanieleza kwamba tabo, ile feni inayoipa injini nguvu, inazungushwa na moshi, na moshi wangu unapita kwenye kibomba chembamba mno. Gari halipumui. Kumbe muda wote huu naendesha gari lenye mafua.

Nililipata kwa kuuza mikorosho ya marehemu baba, mwaka ule ushirika uliponipunguza kazi ya ukarani. Jekundu, milango miwili, limetokea Dubai. Halijawahi kumpita mtu. Jana Dulla muuza nazi alinipita na Landrova lake bovu, limejaa nazi, akanipungia mkono. Sikula chakula cha mchana.

Jumapili, 29 Mei.

Bomba limepatikana! La pampu ya mradi wa umwagiliaji uliokufa zamani. Ngumi yangu inaingia. Abdulswamadu anasema na sailensa itolewe, inazuia pumzi tu. Akauliza nataka kasi yote hiyo ya nini. Nikamjibu kwamba Jumapili ijayo anaolewa Shamsia, na gari la bibi arusi ni langu.

Shamsia ni binti wa kaka yake mke wangu, Sihaba. Tena Sihaba ndiye somo wake, ndiye aliyemfunda. Amewaapia wanawake wenzake kwamba mwali wake hatapanda gari la nazi. Miaka kumi na minne ya ndoa, sijapata kumsikia akijivunia kitu changu. Naandika nisije nikasahau.

Jumatano, 1 Juni.

Limewaka! Kuku wa jirani wamehama. Mwalimu wa madrasa alikuja kuuliza, kwa upole sana, kama nina mpango wa kulizima.

Bomba tumelipitisha juu, limegusana kabisa na sakafu, chini ya kiti cha abiria. Likining'inia litakwaruza mchanga. Wazo langu. Abdulswamadu alisita kidogo, nikamwambia achomelee.

Sihaba aliziba masikio kwa upindo wa kanga. Aliuliza mara mbili kama linaweza kurudishwa lilivyokuwa. Nilicheka. Sailensa ya zamani kaipeleka jikoni, kaifanya figa la tatu.

Ijumaa, 3 Juni.

Nimempita Dulla! Alikuwa kasimama anabadilisha tairi, lakini kupita ni kupita. Alisema kitu, sikukisikia. Tangu hapo sisikii vizuri chochote.

Jumapili, 5 Juni.

Sitaki kuandika. Naandika.

Bibi arusi hakimbizwi. Kila mtu Kibiti anajua hilo. Nami najua, nimefuata arusi za hapa tangu utotoni. Wanawake wanatangulia kwa miguu, wanaimba, hatua tatu, wanasimama, wanacheza, hatua tatu tena. Gari linafuata nyuma kwa mwendo wao. Wiki nzima nimetengeneza kasi, na hili halikunijia kichwani hata mara moja.

Kila nilipogusa resi, wimbo ulikatika. Bi Mwanabaraka, mwenye kuongoza nyimbo, alianza upya mara nne. Mara ya tano aliteremsha tari lake, akasimama tu. Arusi ikawa kimya, ila mimi.

Halafu Shamsia akaanza kujisogeza kitini. Akainua mguu mmoja. Akainua wa pili. Ile hina ya miguuni Sihaba alimpaka kwa siku mbili.

Akageuka nyuma, kwa Sihaba, akasema taratibu, "Shangazi, miguu inaungua."

Nyuma yetu palikuwa na Landrova la Dulla, limeoshwa mpaka magurudumu, limetandikwa mkeka na kufunikwa kanga. Tahadhari tu, alisema. Hakunicheka. Ningefurahi kama angenicheka. Sihaba alimshika mwali wake mkono, akampandisha kwenye gari la nazi, mbele ya wote aliowaapia, na nyimbo zikaanza tena. Mimi hakunitazama.

Najuta. Najuta mikorosho, najuta bomba, najuta kile kicheko changu cha Jumatano.

Jumatatu, 6 Juni.

Sihaba ameondoka. Amekwenda Umwe, kwenye mpunga wa baba yake, kulinda ndege na nguruwe. Hakunigombeza. Alikunja nguo zake, akaniachia mchele na kibiriti, akaaga. Nyumba ni kimya, na mimi ndiye niliyekuwa nataka kelele.

Jumatano, 8 Juni.

Nimemfuata. Ndege wote wa bondeni waliruka kabla sijafika. Nguruwe wawili walitoka mbio wakavuka njia, hawakutazama nyuma. Wakulima wakanishangilia! Mkwe wangu, Mzee Abdulkarimu, alinishika mikono yote miwili, jambo ambalo hajalifanya tangu nimwoe binti yake, akaniomba nije kila siku mpaka mavuno. Nikaanza kujiona mtu.

Sihaba hakushuka kutoka dunguni, kile kichanja cha kulindia mpunga. Alisema amenisikia tangu naipita Ikwiriri, kwa hiyo amepata muda wa kulia na kumaliza. Nilimwomba radhi. Niliomba kweli, nimesimama matopeni, na shingo imeniuma kwa kutazama juu. Akalitazama gari, akanitazama mimi.

"Siku utakayofika hapa nisikusikie unakuja," alisema, "nitafunga mizigo yangu turudi."

Alhamisi, 9 Juni.

Nimejipikia. Wali umeungua upande mmoja, kwa sababu lile figa la sailensa limeinama. Nimelisukuma kwa mguu.

Asubuhi yote nimeyatafakari maneno ya Sihaba. Hakuna mke aliyewahi kumpa mumewe sharti jepesi hivi. Nifike asinisikie! Shida ni moja tu, kwamba sauti inatangulia, gari linafuata. Basi gari litangulie, sauti ifuate.

Nimekwenda kwa Abdulswamadu. Ananiambia jambo hilo halijawahi kufanyika Kibiti. Nikamkumbusha kwamba hata tabo ilikuwa haijawahi kufika Kibiti. Kesho tunalitoa bomba hili, tunatia pana zaidi.