Fagio Ishirini na Tatu

Jumatatu, 4 Machi 1996

Leo nimekuwa mtu mkubwa! Kitabu changu kinafanywa filamu. Si maneno ya barazani. Kamera nimeiona kwa macho yangu, tena nimeishika, mpaka Nadia akanipokonya akisema vidole vyangu vina samli.

Nadia ni binti wa watu wa Kismayu aliyekulia hapa Mombasa. Ana kamera ya kuazima na wenzake wawili. Hana kampuni wala mfadhili. Anasema hii ni filamu huru. Nilipouliza chakula cha mchana kitatoka wapi, akasema huru maana yake kila mtu ale kwao.

Kitabu chenyewe, kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishafariki, kinaitwa Vumbi la Msafiri. Zilichapwa nakala mia mbili. Mia na themanini zimo chini ya kitanda changu hapa kambi ya wakimbizi, zinasaidia kuinua godoro. Kisa ni hiki: vita vinafika kisiwani kwetu Chovai, Somalia. Mpiga udi anakimbia kwa mashua. Mkewe anabaki kumuuguza mama yake. Na kwa kuwa kwetu nyumba haifagiwi msafiri akishatoka, isije ikafagiwa na njia yake ya kurudi, mke yule hafagii. Miaka na miaka hafagii! Mwisho mume anarudi, anakuta nyayo zake mwenyewe chumbani, mchangani, kama alivyoziacha. Kila nikifika hapo nalia.

Watu husema nimejiandika mwenyewe, kwa kuwa nami napiga udi. Uongo. Mpiga udi wa kitabuni ni mrefu.

Ingawa ni kweli kwamba mke wangu Zakiya alibaki Chovai na mama yake mgonjwa. Na ni kweli kwamba siku niliyotoka, mwaka wa tisini na mbili, nilimwambia asifagie mpaka nirudi. Miaka minne sasa. Wengine wamesharudi. Mimi nilikuwa namaliza kitabu.

Jioni Nadia akagawa nafasi. Mpiga udi ataigizwa na Mukhtari! Mukhtari, mpiga ngoma wangu, asiyejua udi hushikwa upande gani! Nikauliza na mimi je. Nadia akasema kwa adabu kwamba Ami Gharibu atafaa kuwa mzee anayepita kwa nyuma. Nina miaka arobaini na saba tu.

Jumatano, 6 Machi

Chumba kimejengwa nyuma ya mabomba ya maji, kwa mbao na magunia ya mahindi ya msaada, kikapakwa chokaa na kumwagwa mchanga chini. Nilikwenda kuwasahihisha. Kitanda upande huu. Mtungi pale. Msumari wa udi juu ya mlango. Wakafuata kila neno.

Walipomaliza nikaingia. Kilikuwa chumba changu. Nilimwona Zakiya amekaa ukingoni mwa kitanda akisuka ukili, ananiuliza mbona nimesimama kama mgeni. Nimemkumbuka mke wangu, nikajifuta macho kwa kanzu. Nikawaambia ni harufu ya chokaa.

Ndipo Nadia aliponieleza kwamba mwisho ameubadili. Katika filamu, mke atafagia. Atafagia! Nikamwambia akifagia mume harudi. Akasema mume amekaa miaka huko aliko, na kitabu kizima hakuna aliyemwuliza mke anataka nini. Nikamwambia mimi ndiye mtunzi, najua anachotaka. Akauliza kama nimewahi kupata habari zake. Nikasema mtunzi hahitaji habari.

Lakini roho imeniruka. Hii si filamu tu. Hafswa, anayeigiza mke, akikifagia chumba kile mbele ya kamera, chumba changu mimi, basi njia yangu ya Chovai ndiyo imekwisha. Mambo haya hayachezewi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata dawa! Pasipo ufagio hapafagiwi.

Nimezunguka kambi nzima kuanzia alfajiri, nikisema naazima ufagio mara moja tu. Kila nyumba ilinipa. Watu wetu hawana choyo. Kufikia adhuhuri nilikuwa na fagio ishirini na tatu za njukuti. Nimezipanga chini ya kitanda pamoja na vitabu. Godoro sasa limepanda hata nikilala pua inagusa paa.

Alasiri kambi ikaanza kunuka. Magamba ya samaki kila mlango. Mkaguzi wa usafi akaja, akauliza kulikoni, akaandika kwenye daftari lake kwamba Wabajuni wamegoma. Wazee wakakusanyika kutafuta mgomo ni wa nini. Hawakuupata. Wengine wakaukubali hivyo hivyo.

Dada yangu Bimdogo akaja kunitazama. Akatazama godoro. Akanitazama mimi niliyelala juu kama maiti anayesubiri kuoshwa. Akaniambia kama nina hamu na mke wangu, nipande boti niende, niache fagio za watu. Nikamwambia hajui sanaa. Akachukua ufagio wake, akaenda zake. Mbio mbio nikatafuta mwingine wa kutimiza hesabu. Nimeupata msikitini. Mungu atanisamehe, ni kwa nia njema.

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya mwisho wa filamu. Nilikuwa nimejificha nyuma ya gunia, moyo mweupe, maana ufagio hapana. Mwanamke gani atafagia kwa mikono?

Hafswa akavua mtandio, akaukunja, akainama, akaanza kufagia kwa mtandio!

Sikumbuki nilivyoingia. Nakumbuka nilikuwa na udi mkono mmoja na sufuria ya mchanga mkono wa pili. Nikamwaga mchanga pale alipofagia. Akafagia. Nikamwaga. Nikapiga kelele kwamba aache, ananikatia njia, aache kwa haki ya Mungu. Hafswa akalia kweli. Nami nikalia. Mukhtari, aliyekuwa nje akisubiri zamu yake, akalia pia, ila yeye hulia hata kwa kitunguu.

Nilidhani nimeiharibu. Nadia akazima kamera, akasema hajapata picha nzuri kuliko ile tangu aanze. Ataiacha kama ilivyo!

Kwa hiyo nimo katika filamu. Nimo kama mwendawazimu. Mukhtari ananiita nyota.

Jumanne, 12 Machi

Nahodha Fumo amefika na boti lake la mashine kutoka visiwani, amejaza papa mkavu. Kaniletea kanda. Ya kusema, si ya muziki. Ya Zakiya.

Nilikaa nayo mapajani tangu asubuhi hadi alasiri. Nikajiambia sina mawe ya redio. Bimdogo akaleta mawe. Nikajiambia redio mbovu. Bimdogo akaipiga kofi, ikapona. Basi ikabidi.

Nayaandika kama alivyoyasema, na "mtu" kwa kisiwani kwetu ni "mchu".

"Gharibu, salamu nyingi. Mama alifariki mwezi wa Rajabu, umwombee. Nasikia umeandika kitabu kwamba mimi nakaa na taka miaka minne. Wachu wananicheka kisimani. Nilifagia siku ya tatu, Gharibu. Mama alikuwa akikohoa kwa vumbi. Nyumba ni safi, na msumari wa udi wako uko pale pale. Ufagio haumzuii mchu. Mchu hurudi akitaka mwenyewe. Fumo nimemwambia akuwekee nafasi. Ukija, njoo. Kama huji niambie, nijue."

Siku ya tatu! Siku ya tatu ndiyo tulipokuwa Kiunga na udi wangu ukavunjika shingo! Sasa najua sababu. Nilikasirika. Nilisimama nikamwambia Bimdogo kwamba nimefanyiwa hiyana katika nyumba yangu.

Halafu nikasikiliza tena. Pale aliposema "nijue" sauti yake imekonda. Zakiya hana sauti nyembamba, yeye akiita kuku Chovai, wa Chula, kisiwa cha pili, wanakuja. Miaka minne sijaisikia sauti ile. Nimeirudisha kanda mpaka mawe yakaisha, na hata yalipokwisha niliendelea kuishika redio.

Fumo anaondoka Jumamosi. Nitakwenda. Wallahi nitakwenda.

Ijumaa, 15 Machi

Nimefunga sanduku: kanzu mbili, udi, vitabu kumi, kanga doti moja ya Zakiya. Nimeaga kambi nzima. Nimerudisha fagio saba. Zilizobaki sijui za nani, na watu nao wanaona haya kuzitambua hadharani.

Baada ya sala ya Ijumaa, Nadia akatuonyesha filamu darasani, kwenye televisheni ndogo. Haijakamilika, lakini inaonekana. Mukhtari anashika udi kama mtoto wa watu anayelia. Nikapita mimi kwa nyuma, mzee. Nilipita vizuri.

Kisha Hafswa akafagia. Nikaingia na sufuria yangu. Watu wakacheka mpaka wengine wakatoka nje. Baadaye kicheko kikafa chenyewe. Kwenye picha, yule mwendawazimu anaondolewa, mke anamaliza kufagia, anautandika mtandio mlangoni, anakaa juu yake na kutazama njia. Basi. Hakuna zaidi. Wanawake waliokuja peke yao kutoka visiwani hawakuinuka. Mmoja alifunika uso kwa buibui.

Nami nililia, sikusingizia chokaa. Kumbe mtu anaweza kufagia na bado akangoja! Niliona hivyo waziwazi, kama ninavyoona mkono wangu. Nikamwambia Bimdogo nimeelewa. Akasema alhamdulillahi.

Kasoro moja tu. Mwishoni pale hapana wimbo. Kimya kitupu! Nadia anasema kimya kinatosha.

Jumamosi, 16 Machi

Nilifika bandarini mapema. Sanduku likatangulia botini. Mukhtari alinibebea, maana alikuwa na barua ya kumpelekea mama yake aliyeko Chovai. Fumo akasema tutang'oa nanga saa nne, kabla maji hayajatoka sana.

Saa tatu wimbo ukanijia. Ule wa mwisho wa filamu! Wote, na maneno yake, juu ya mume anayesafiri kurudi kwa mkewe. Nikajua nisipouandika utapotea baharini. Nikamwambia Fumo dakika tano. Nikakaa nyuma ya ghala la papa na penseli.

Ubeti wa kwanza ulikuja wenyewe. Wa pili pia. Wa tatu ukagoma mahali pale mume anapouona mlango wake. Kila nikimfikisha mlangoni, ananishinda kuingia. Fumo akaita. Nikajibu naja. Akaita tena. Mukhtari akaita, Bimdogo akaita, na mtu mmoja nisiyemjua akaita pia. Nikajibu wote naja.

Nilipomwingiza ndani na kuinua kichwa, boti lilikuwa dogo. Maji hayamsubiri mtu, alisema Bimdogo. Hakunitazama. Nafasi yangu kachukua Mukhtari, akamwone mama yake. Alisimama nyuma ya boti akinipungia mkono, karibu na sanduku langu. Na udi wangu. Na kanga ya Zakiya.

Nimekaa pale gatini mpaka jua likawa kali. Zakiya atatoka mlangoni, atatazama watu wakishuka mmoja mmoja, na wa mwisho atakuwa Mukhtari.

Jumapili, 17 Machi

Wimbo umekwisha! Beti saba, na hakuna wa kutupwa. Nadia ameusikia, akasema ni mzuri sana, akauliza kwa nini bado niko hapa. Vijana hawana subira.

Asubuhi nusura balaa. Nimemkuta Bimdogo anaingia chumbani kwa Mukhtari na ufagio, eti asafishe, mwenyewe amesafiri. Nilimrukia! Mtu ana siku moja baharini, yeye anataka kufagia! Na Mukhtari lazima arudi, tena upesi, maana ndiye atakayeniambia Zakiya alisema nini aliponikosa. Nimempokonya ufagio. Nimekwenda kukusanya na zile nilizorudisha, sita, maana wa msikitini nimeuachia msikiti. Watu walinipa tena, ila safari hii bila kuuliza, na wawili walinishika mkono kama wanaonipa pole ya msiba.

Sasa nimekaa kizingitini kwa Mukhtari, fagio zote ishirini na tatu ziko nyuma yangu. Nyayo zake zinaonekana vizuri mchangani. Hapiti mtu.

Zakiya alitaka jibu, ajue. Jibu nimelitia katika ubeti wa saba. Nitampelekea safari ijayo, nikipata mtu anayekwenda.