Apdeti ya Bure Nyuma ya Hospitali

Mwaka ule maji ya bwawa la umeme la Mtera yalipopungua hata mamba wakaanza kusalimiana kwa majina, umeme wa Dodoma ukawa wa mgao. Wenye saluni walilia, wenye mashine za kusaga walilia, wauza soda baridi wakawa wauza soda tu. Mtu mmoja peke yake alimshukuru Mungu, naye alikuwa Fabian.

Fabian alikuwa injinia. Chuo alichosomea hakikujulikana, na mwenyewe hakupenda kukitaja, labda kwa unyenyekevu. Alikuwa na shati jeupe, kalamu mbili mfukoni zisizoandika, na mkoba mweusi ambao ndani yake mlikuwa na sidii moja.

Hiyo sidii ndiyo iliyomlisha. Kompyuta nyingi za Dodoma zilikuwa hazijawahi kuonja intaneti, na kompyuta isiyo na intaneti hubaki na matundu yote iliyozaliwa nayo, virusi vikaingia na kutoka kama mbuzi katika shamba lisilo na ua. Mtu fulani mwenye huruma, nchi za mbali, alikuwa ameyakusanya marekebisho yote ya mfumo, akayafunga pamoja na programu ndogo ya kuyapachika moja baada ya jingine, akayagawa bure kwa wasio na mtandao. Fabian aliinakili kazi ya mtu yule, akaandika juu yake kwa wino mwekundu: INJINIA FABIAN.

Sidii ilikuwa ya kweli na ilifanya kazi. Uongo ulikuwa kwenye ratiba. Fabian alikariri zamu za mgao za mitaa yote ya mjini, kuliko hata waliozipanga. Alikuja kwako muda mfupi kabla ya zamu yako, akaanzisha apdeti, akaketi akinywa chai yako. Apdeti ilipofika katikati, umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta iliwaka, ikajizima, ikawaka, ikajizima, kama mlevi anayejaribu kukumbuka njia ya kwao. Hapo Injinia alitikisa kichwa. "Pole sana. Mashine ilikuwa mbovu tangu zamani, apdeti imeonesha tu. Niachie maiti, nitakusaidia kuitupa." Maiti ilipelekwa chumbani kwake Msalato, ikawashwa kwa njia ya salama, ile ya kuwashia kompyuta zilizogoma, yale marekebisho nusunusu yakaondolewa, ikafufuka. Wiki iliyofuata iliuzwa mahali pengine kama mzigo mpya wa Dubai. Soko huria lilikuwa limetufundisha mengi, na Fabian alikuwa mwanafunzi msikivu.

Siku ya habari hii alikuwa akipita soko la Majengo, kati ya magunia ya karanga na marundo ya ndoo za plastiki, macho yakifanya kazi yake. Alikuwa na shida ya heshima. Mzee mmoja mfanyabiashara wa samaki, Yotham, alikuwa amemfuata na kumwambia anafungua nyumba ya wageni Mtera na anataka kompyuta mbili. Si moja. "Moja ni ya kuandikia wageni, ya pili ni ya wageni kuiona," alisema mzee, na Fabian akamheshimu kwa fikra hiyo. Moja alikuwa nayo. Aliitoa kwa Hilda, mama aliyekuwa akichapa barua na kazi za wanafunzi pale pale sokoni. Hilda alilia, na Fabian, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimpa leso. Sasa Hilda alikaa kwenye meza ile ile akiwaandikia watu barua kwa mkono, na wateja wenye kutaka za kuchapwa walimpita wakitazama pembeni.

Ilibaki ya pili. Ndipo Fabian alipomsikia mwanamke akilalamika ndani ya duka la fotokopi.

"Kila nikiiwasha inaniambia haina kinga! Kinga gani tena, jamani, nimeinunua mwezi uliopita!"

Fabian alichungulia. Kompyuta nyeusi, kioo bapa, bado ina karatasi ya nailoni pembeni. Moyo wake ukapiga magoti.

"Hodi humu. Dada, samahani, nimepita tu nikasikia mgonjwa anaugulia."

"Karibu. Mgonjwa ni huyu hapa," alisema mwanamke. Jina lake Paskazia, na ulimi wake ulikuwa haujawahi kupata mgao. "Wewe ni daktari?"

"Injinia Fabian. Haina intaneti hii, eh? Basi imelala mlango wazi. Nina dawa yake, sidii moja, marekebisho yote yako humu. Nakuwekea bure."

"Bure?" Paskazia alilitamka neno hilo kama mtu anayeramba kijiko. "Bure kabisa? Hata soda hutaki?"

"Hata maji."

"Sasa wewe unakula nini, kaka yangu?"

"Baraka," alisema Fabian, akainamisha macho. "Ila dada, nikwambie ukweli maana mimi sipendi mambo ya kificho. Kuna mashine zina ugonjwa wa ndani, hazistahimili apdeti. Ikitokea hivyo, usihangaike, maiti nitaichukua mimi."

"Na ikipona?"

Swali hilo Fabian alikuwa hajawahi kuulizwa. Wateja watatu wa fotokopi walikuwa wamesimama wakisikiliza, na mbele ya hadhira Fabian hakuweza kujizuia, kama jogoo aonapo alfajiri.

"Ikipona, dada, niletee kila kompyuta iliyokufa Dodoma hii! Nitazifufua zote bure, kwa mikono yangu!"

"Mmesikia wenyewe," Paskazia aliwaambia wale watatu. "Basi njoo Jumamosi alasiri."

Jumamosi alasiri! Zamu ya Majengo ilikuwa Jumamosi alasiri. Fabian alitoka akitembea kama mtu aliyeguswa na neema. Asubuhi ya siku hiyo alimwambia mwenye nyumba wake Msalato, "Mzee wa samaki wa Mtera akija, mfungulie chumba aione ile kompyuta, asije akadhani mimi tapeli," akaenda mjini.

Alimkuta Paskazia mlangoni, duka limefungwa.

"Injinia, dukani kuna joto na kelele. Kompyuta nimeihamishia kwa shangazi yangu, hapo nyuma ya hospitali. Hatua chache tu."

Fabian alitazama saa yake, akatazama mtaa. Mtaa ni ule ule, zamu ni ile ile. Akamfuata.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo wenyeji wa nyumba zile hawakupenda lisemwe. Safu ile ya nyumba ilikuwa imeunganishwa kwenye laini moja na hospitali, na laini ya hospitali haikukatwa. Kilichowatisha wakazi wake si giza, ila majirani: ndugu jamaa na marafiki wangejazana na pasi zao, simu zao na nyama zao za kugandisha. Kwa hiyo mtaa ulipozima, na wao walizima taa zao, wakawasha koroboi, wakaketi barazani wakilalamika kwa sauti kubwa kuliko wote. Waliigiza giza kwa uaminifu mkubwa. Fabian mwenyewe alishapita pale jioni kadhaa akawaonea huruma.

"Shikamoo mama," alisema akiingia.

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa." Shangazi Zipora alikuwa mnene, mtaratibu, anachambua mlenda kwenye ungo. Pembeni, kwenye mkeka, alikaa Hilda.

Fabian alisita kidogo tu. "Dada Hilda! Pole tena kwa msiba."

"Nimeshapoa," alisema Hilda. "Nimekuja kujifunza. Yangu ilikufa sikuangalia vizuri."

Sidii iliingizwa. Programu ilizunguka kidogo, kisha ikagoma: haikuyatambua marekebisho.

"Aa," alisema Fabian kwa huzuni, mapema kidogo. "Mnaona? Ugonjwa wa ndani."

"Inasema tarehe," alisema Paskazia, amesogeza uso hadi kwenye kioo. "Hapa chini inasema mwaka wa tisini na nane. Kumbe inadhani hayo marekebisho hayajatengenezwa bado. Si uirekebishe saa yake, Injinia?"

"Ndicho nilichotaka kufanya."

Alirekebisha. Programu ikakubali, mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Fabian aliegemea kiti, akapokea chai. Zamu ilikuwa imekaribia. Kazi yake ilikuwa imekwisha. Iliyobaki ilikuwa ya Mtera.

Nje, redio ya jirani wa ng'ambo ilinyamaza ghafla. Mashine ya kusaga ya mtaa wa pili ikakoroma, ikafa. Sauti za watu zikapanda: "Wameshachukua!" Fabian alifumba macho, akatayarisha uso wa rambirambi, akayafumbua.

Mstari wa kijani ulikuwa ukitambaa.

Alitazama juu. Feni ya shangazi Zipora ilikuwa ikizunguka bila haraka, kama mwenyewe.

"Umeme… haujakatika?"

"Ungetaka ukatike?" aliuliza Zipora.

"Hapana mama! Nafurahi. Nashangaa tu kwa furaha."

Akakaa akifurahi. Alifurahi mpaka shati likamganda mgongoni. Mstari ulipofika nusu, alikumbuka kwamba apdeti hupendelea kupumzika, akanyoosha mkono kwenye swichi ukutani. Hilda alikuwa ameshaegemea ukuta ule, swichi nyuma ya bega lake.

"Unataka nini, Injinia?"

"Nilitaka… kukuongezea upepo."

"Nipo sawa."

Akaidondosha kalamu karibu na waya. Paskazia akamwokotea. Akaomba kwenda msalani akiulizia mita iko wapi. "Mita iko juu, mwanangu, utaumia," alisema Zipora. "Kaa unywe chai." Katika Dodoma nzima, mwaka ule wote, huenda Fabian ndiye mtu wa pekee aliyewahi kumwomba Mungu umeme ukatike, na Mungu, ambaye siku hizo alikuwa akipokea maombi ya kinyume kutoka kila nyumba, hakumwelewa.

Kompyuta ilijizima. Fabian aliruka. "Imekufa!"

Ikawaka. Picha ya majani mabichi ikajaa kiooni, safi, na chini yake maneno kwamba marekebisho yote yamepachikwa na mashine ina kinga.

Paskazia alipiga vigelegele vya wastani. "Bingwa! Kumbe dawa yako ni kweli! Sasa ulisema ikipona…"

"Nilisema, nilisema," Fabian alikuwa ameshafunga mkoba. "Leteni hizo zilizokufa, hata mwezi ujao, mimi nipo. Leo nina mgeni wangu kutoka Mtera."

Ndipo mlango ulipofunguliwa. Aliyeingia hakupiga hodi. Alikuwa amekumbatia sipiyu iliyofunikwa kanga; akaiweka mezani taratibu, akavua kofia, akaining'iniza kwenye msumari nyuma ya mlango pasipo kuutafuta kwa macho, akavua viatu.

Fabian aliiona kofia, akauona msumari. Mtu hupiga hodi kwa watu. Kwake haipigi.

"Karibu nyumbani, Baba Petro," alisema Zipora. "Chai ipo."

"Shikamoo, Mzee Yotham," alisema Fabian, kwa sauti iliyokuwa imepungua maji.

"Marahaba, Injinia. Huyo mwenye nyumba wako ni mtu mwema. Nilimwambia, Fabian yuko nyuma ya hospitali anaweka apdeti, naipeleka na hii akaimalizie. Alipoona najua hata ulipo, akaniazima na kanga ya kuikinga vumbi." Akaivuta kanga.

Hilda hakupiga kelele. Alisogea, akapitisha kidole juu ya sipiyu palipogandia nta ya mishumaa ya siku za mgao, akakikwangua kipande kimoja kwa ukucha, kisha akakaa nayo hivyo, mkono juu yake, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Hii ni ile uliyoitupa?" aliuliza.

Fabian alizipima njia. Akisema ni ya kwake, aeleze ilikufaje kwa Hilda na kufufuka Msalato. Akisema si ya kwake, basi imekwenda. Mlangoni alisimama Yotham, mtu aliyezoea kuvuta nyavu zenye viboko ndani.

"Sikuitupa," alisema hatimaye Injinia, kwa heshima yote aliyoweza kuiokota sakafuni. "Nilikuwa naitibu. Nilitaka iwe ya kushtukiza."

"Umeniweza," alisema Hilda. "Nimeshtuka."

"Basi imalizie mbele yetu," alisema Paskazia, "tuone marekebisho yote yanaingia. Umeme upo."

Akaimalizia. Alikagua tarehe bila kuambiwa. Mstari wa kijani ulitambaa kwa mara ya pili, na safari hii Fabian hakutazama feni. Ilipowaka, barua za wateja wa Hilda zilikuwemo zote, maana katika kufufua maiti hakuwa amejisumbua kufuta chochote. Hilda alifungua moja, akaisoma kimya, akacheka peke yake.

Fabian alimsogelea Yotham pembeni, akanong'ona. "Mzee, na zile mbili za nyumba ya wageni?"

"Nyumba gani?" Yotham aliuliza, akimimina chai. "Mimi wageni wangu hulala hapa hapa, kwenye mkeka."

Fabian akaaga, akafungua mlango, na pale akasimama.

Barazani palikuwa na watu. Wale watatu wa fotokopi walikuwa wameitangaza ahadi yake, na nyumba Paskazia aliyowaelekeza, Majengo nzima, nao watu, waliouziwa, waliorithi, waliokatikiwa na umeme katikati ya kazi, walikuwa wamekuja na kompyuta zao kwenye mikokoteni, kwenye baiskeli, nyingine zimefungwa mashuka kama watoto wachanga. Foleni ilipinda ukuta wa hospitali. Mama mmoja wa mbele alikuwa akiichungulia feni ya Zipora kwa mshangao mkubwa.

"Heee! Kumbe kwenu unawaka?"

"Unawaka," alisema Zipora, akaweka ungo chini. Siri ya safu nzima ilikuwa imekufa, naye alijua majirani zake hawatamsalimu mwezi mzima. "Haujawahi kukatika. Piteni. Injinia, kaa mwanangu, nakuongezea chai."

Fabian aliketi. Mama wa mbele aliweka yake mezani, akafunua shuka.

"Haukatiki kabisa?" aliuliza Fabian kwa sauti ndogo. "Hata usiku?"

"Hata Krismasi," alisema Zipora.