Likeni ya Jiwe la Msingi

Jumatatu, 6 Juni 1955
Bwana Masinde amekuja shuleni! Anatoka chuo kikuu, ambako wamehifadhi kuvu na likeni zilizokaushwa kwa ajili ya watafiti. Likeni ni yale magamba ya rangi yanayoota juu ya mawe. Kila moja ina bahasha yake, na juu ya bahasha jina la aliyeiokota. Hukaa miaka mia, alisema. Miaka mia! Lazima jina langu, Wanjugu, liingie humo. Nikampa nilichookota nyuma ya jiko. Akakigeuza, akasema kwa upole kwamba ni ganda la kiazi. Cheptanui, mwenzangu wa bwenini, alimpa uyoga mpana kama sahani. "Hongera, binti!" Jumamosi atapita tena kuchukua zaidi kabla ya kupanda gari la moshi.

Jumatano, 8 Juni
Msitu umefungwa kwa amri ya serikali kwa sababu ya vita, askari wako ukingoni. Tunatafuta humu humu bwenini na uani. Cheptanui anakausha uyoga mwingine juu ya meko. Ameniuliza ganda langu linaendeleaje. Niliwaza kuwatupia kuku uyoga wake. Lakini mimi ni Mkristo. Tena mpishi alikuwepo.
Jioni, nimeipata! Likeni ya rangi ya kiini cha yai, kwenye jiwe la msingi la kanisa. Haibanduki. Bwana Masinde alisema ya namna hiyo huchukuliwa pamoja na jiwe lake.

Alhamisi, 9 Juni
Nyundo nimeitoa stoo. Kwaya ikiimba, nikawa nagonga kwa mapigo yao. Mpango safi. Wakanyamaza ghafla, nami nikagonga pigo moja peke yangu! Nikalala kifudifudi kwenye maua. Hakuna aliyetoka. Kipande ninacho. Bahati mbaya kimetoka na mwaka uliochongwa hapo. Kanisa lilijengwa 1931. Sasa limejengwa 19.

Ijumaa, 10 Juni
Mwalimu Milcah, mkuu wetu, ametukusanya. Mpaka aliyevunja jiwe ajitaje, hakuna mzazi atakayeingia Jumapili, siku ya kutembelewa. Na Mama anakuja kwa miguu kutoka Elburgon! Kisha mtu akasema alimwona Cheptanui na nyundo juzi, akipasua kuni. Ameitwa ofisini. Ametoka analia: kesho atarudishwa kwao. Nikampa leso yangu. Akasema, "Na vile nimekucheka, Wanjugu! Una roho nzuri." Nitasema kesho, jina langu likishaandikwa.

Jumamosi, 11 Juni
Bwana Masinde akaitazama kwa kioo chake. "Safi kabisa!" Akaandika Wanjugu. Nilikaribia kuruka. Ndipo akauliza imetoka wapi. Bila mahali ni takataka, alisema, huitupa. Mwalimu Milcah alikuwa amesimama hapo hapo. Cheptanui naye, sanduku lake la nguo limefungwa. Ningeweza kusema mtoni. Lakini watafiti wangeitafuta mtoni miaka mia! Nikanong'ona: kanisani, jiwe la msingi, upande wa mashariki. "Sema kwa sauti, binti." Nikasema kwa sauti.
Mwalimu Milcah alidai kipande chake. Akajibiwa, "Samahani sana, Mwalimu, sasa ni mali ya chuo." Bwana Masinde akakimbilia gari la moshi na mwaka wa kanisa letu.

Jumapili, 12 Juni
Wazazi wameingia, isipokuwa Mama. Adhabu yangu. Alinipungia mkono kutoka langoni, nikageuka asinione nikilia. Viazi vya kuchoma alivyoniletea alimkabidhi Cheptanui, ambaye alivila mbele yangu. Maganda akaniletea, eti niyapeleke chuo kikuu.
Nasugua ngazi za nyumba ya Mwalimu Milcah. Nimemwahidi sitagusa jiwe tena maisha yangu yote. Nilimaanisha.
Mlango wake una likeni ya kijivu, yenye ndevu. Nzuri ajabu! Na mlango ni mbao, si jiwe. Bwana Masinde anarudi Septemba. Msumeno uko stoo.