Salamu Zinazokula Dakika

Jumatatu, 1 Machi 1999. Lodwar.
Nimefungua rasmi. Kompyuta moja, modemu moja, simu moja. Mimi Aukot, mpiga picha za pasipoti, sasa ni mtu wa barua pepe! Simu inapitia Nairobi, na kila dakika inalipiwa kama simu ya mbali. Modemu imelia asubuhi nzima kama mbuzi aliyenaswa na miiba. Iliposhika tu, mke wangu Akidor akainua mkono wa simu amsalimu dada yake wa Nawoitorong. Ikakatika. Nimelipia yote. Akidor anasema simu ni ya kuongea.

Jumatano, 3 Machi. Kakuma.
Nimekuja na lori kukusanya barua kambi ya wakimbizi. Nimepata mteja, Ayak, mama wa Kidinka anayeuza chai. Kaka yake Mabil anaoa huko Kanada Jumamosi ya wiki ijayo. Barua ya mwisho ilimwambia mama yao ni mgonjwa sana. Sasa amepona. Je, Ayak kaandika hivyo? Wapi! Kaandika salamu kurasa tatu, na katikati ya shangazi na majirani, mama naye anasalimu na kubariki harusi. Nikasema salamu si habari. Godelieve, Mkongo anayeandikia watu barua kwa kalamu, alikuwa pale, hajaulizwa. Akaniambia, "Papa Aukot, kwa hawa watu, asiyesalimu amekufa. Barua yako itakuwa ya matanga." Wivu wa biashara huo.

Alhamisi, 4 Machi. Lodwar.
Upepo unatikisa nyaya. Ukurasa wa kwanza wa salamu umekatika mara tatu, na mara zote nimelipishwa. Wizi mtupu! Nimefupisha: "Sisi wazima. Harusi njema. Ayak." Imekwenda mara moja. Hiyo ndiyo akili.

Jumatatu, 8 Machi.
Jibu la Mabil limeanza kuingia asubuhi na kumalizika jua la utosi, kwa sababu ameambatisha picha. Picha ya nini? Ya kichwa chake kilichonyolewa! Anauliza mama alizikwa wapi. Harusi ameisimamisha. Mtu mzima, mwenye kusoma, anamuua mama yake kwa sababu hakumwona kwenye orodha. Na dakika zote hizo ni za kwangu!

Jumatano, 10 Machi. Kakuma.
Nilipofika, mama alikuwa anakunywa chai. Alipoelezwa kwamba amefariki, akaweka kikombe chini akaniuliza amefariki lini. Sikupenda. Kisha akasema anataka mwanawe aoe akiwa na baraka zake, tena mapema, yeye si kijana. Ayak alikuwa mkali. "Weka jina ya mama. Weka watu wote, usiache hata moja. Ukiacha, hakuna harusi." Nikaapa. Godelieve alikuwa anachonga penseli kama mtu anayesubiri wateja, na hilo liliniudhi kuliko maneno yake ya juzi.

Ijumaa, 12 Machi. Lodwar.
Kesho ndiyo siku yenyewe. Nimechapa majina yote kama nilivyoapa. Ikafika nusu, ikakatika. Tena. Tena! Fundi wa simu, Kipkemboi, anasema laini ni nzima, tatizo ni haraka zangu. Haraka! Kobe angefika Nairobi na kurudi. Nikafuta yote, nikabakiza kilicho muhimu: "Mama mzima. Anakusalimu. Anakubariki. Oa." Ikaruka. Akidor akauliza mbona jina la Ayak mwenyewe halimo. Nikamweleza kwamba shida ilikuwa ya mama, si ya Ayak.

Jumatatu, 15 Machi.
Mabil amejibu. Amelia kwa furaha kwamba mama yu hai. Kisha anauliza dada yake Ayak amekufa kwa ugonjwa gani. Harusi imesimama tena. Na picha ya kichwa tena, kimenyolewa upya! Watu wa bibi arusi sasa wanauliza familia hii ina laana gani. Nimechoka na watu wasiojua kusoma barua fupi.

Lakini nimepata dawa. Kesho, kabla sijakwenda kumwona Ayak, namtumia Mabil maneno mawili tu, yanayobeba familia nzima bila kuacha mtu: "Waliobaki wanakusalimu."