Pastora Hakuwa Wangu

Jumatatu, 2 Desemba

Siku sita kabla ya maonyesho ya njiwa. Milagros ametoa hukumu wakati wa kifungua kinywa, mdomo umejaa mkate na mafuta ya zeituni. Anasema huu ni mwaka wa kumi na moja napanda juu ya paa na kushuka na manyoya kichwani, na ukutani hakuna hata utepe mmoja. Jumapili nikirudi mikono mitupu, banda linavunjwa, njiwa wanaondoka, na paa linakuwa la kuanikia nguo. Nikauliza utepe wa aina gani. Akasema wowote ule, hata wa mshindi wa tatu, mradi umeletwa na njiwa wa paa hili. Masharti mepesi. Nimeoa vizuri.

Utepe nitauleta. Ninaye Kardinali, dume la buchoni, yule njiwa wa kifuko wa Cádiz, jekundu, miaka mitatu. Shida yake ni moja tu, kifuko cha shingoni. Buchoni wa kwetu akikijaza upepo, kifuko kinatakiwa kuning'inia mbele ya kifua, duara, kimejitenga na mwili. Cha Kardinali hupanda juu hadi kikamziba macho, naye hujigonga kwenye nyavu. Mwaka jana jaji aliandika kwenye kadi: "Hana ubaya, hana uzuri." Alama themanini na tano.

Casimiro, kinyozi wa mtaa wa pili, alipata tisini na sita kwa dume lake liitwalo Notario. Na hata hajivuni! Anakupa mkono, anakuambia mwakani ni zamu yako. Mtu wa hivyo utamchukia vipi kwa raha?

Jumanne, 3 Desemba

Nimepata dawa. Kifuko kinapanda kwa sababu ni chepesi. Basi kitiwe uzito. Nimelowesha shayiri usiku kucha, nimemlisha Kardinali mpaka akaanza kunitazama kwa mashaka.

Kifuko kimeshuka. Kimeshuka upande wa kushoto tu. Sasa anatembea kwa kuzunguka, hafiki anakokwenda.

Saa kumi amenitapikia yote kwenye shati la kanisani. Milagros amelifua, kisha akapanda juu ya paa na futi ya kupimia. Anapima umbali wa kamba za nguo. Huo ni uchokozi.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimewaza upya. Kosa langu ni kutaka kumpandisha Kardinali. Kazi rahisi zaidi ni kumwondoa Notario.

Hapa ndipo anapoingia Pastora. Pastora ni jike langu jeupe, mke wa Kardinali. Simpeleki kwenye maonyesho. Majike nani anayatazama? Kazi yake ni uchokozi. Akikatiza mbele ya dume lolote mtaani, dume hilo linamfuata mpaka bandani kwangu, nami navuta kamba, mlango unafungwa. Ndivyo walivyofanya baba zetu, na sheria yao ipo mpaka leo: njiwa akiingia bandani kwako kwa miguu yake, ni wako, mpaka mwenye njiwa aje baa ya Frasco, mbele za watu, aseme kwa kinywa chake kwamba ni wake na kwamba amenyang'anywa. Kisha anunue mvinyo kwa wote waliopo.

Kila siku saa nne asubuhi Casimiro humtoa Notario aoge kwenye karai. Kesho Pastora atapita hapo. Casimiro kwa haya zake hatakuja baa kabla ya Jumatatu. Maonyesho ni Jumapili. Yaani hesabu inajipiga yenyewe.

Kuna kikwazo kidogo. Klabu yetu ya wafuga njiwa ilishakata shauri kwamba wiki ya maonyesho harushwi njiwa hata mmoja. Atakayekamatwa anafungiwa miaka miwili. Lakini kukamatwa kunahitaji mtu mjinga.

Ijumaa, 6 Desemba

Saa nne kamili. Upepo wa mashariki unavuma, ule unaotia watu wazimu. Nimejibanza nyuma ya tangi la maji na darubini ya baba mkwe.

Pastora ameruka. Amezunguka mara mbili, ametua ukingoni mwa karai. Namba moja! Notario ametoka majini, ameona, amejaza kifuko. Mungu wangu, kifuko kile! Kimening'inia kama kibuyu. Hata mimi nimepata kigugumizi. Ameinama, ameburuza mkia, amezunguka.

Nimeishika kamba ya mlango, nasubiri waje.

Pastora ameingia bandani kwa Casimiro. Kwa miguu yake. Hakugeuka hata kuangalia kwao.

Casimiro ametoka na taulo begani, amefunga kimlango taratibu, akaendelea kunyoa mtu uani. Nimekaa nyuma ya tangi mpaka saa saba. Kardinali ananguruma peke yake. Kifuko chake kimenywea, kimebaki ngozi.

Milagros ameuliza mbona sili dengu. Nimesema tumbo.

Jumamosi, 7 Desemba

Siku ya kishujaa. Nimeonyesha akili ya haraka ambayo wengi hawana.

Nilipoingia baa ya Frasco, watu kumi na wawili walikuwa wamemzunguka Casimiro. Alikuwa na kikapu, ndani Pastora, ametulia kama yuko sebuleni kwake. Obdulia, katibu wa klabu, alikuwa ameshalifungua daftari la pete za miguuni mwa njiwa. Kumbe Casimiro hakungoja mwenye njiwa aje. Amemleta mwenyewe, amrudishe! Mtu gani huyu?

"Eulogio, ndugu yangu," akaniambia, "pete ina jina lako. Mchukue jike lako tukanywe."

Niliona jinsi Obdulia alivyoshika kalamu. Nikisema ni wangu, nimekiri kwamba nimerusha njiwa wiki ya maonyesho. Miaka miwili nje. Utepe hakuna, banda hakuna, na chupi zinapepea juu ya paa langu.

"Sijawahi kumwona njiwa huyo," nikasema.

Frasco akakohoa. Casimiro akaniuliza tena kwa upole, akasema huenda mwanga ni hafifu, nisogee. Nikasogea. Pastora akaniinamia kichwa na kulia ile sauti yake ya kuomba punje. Nikasema pete hiyo nilimpa mtu wa Córdoba, miaka imepita, na njiwa anaonekana wa ovyo.

"Kwa hiyo humdai?" akauliza Casimiro.

Nikasema simdai, leo wala kesho. Obdulia akaandika karatasi, nikatia sahihi. Kalamu ilikuwa haitoi wino vizuri, nikaomba nyingine, sahihi isomeke. Sitaki mambo ya nusunusu.

Casimiro akalitazama jike kwa muda. Akamwambia Obdulia kwamba jike lake mwenyewe limevunjika unyoya wa bawa na kizimba chake kitabaki kitupu kesho, je, inaruhusiwa kuweka jingine? Obdulia akasema ikiwa karatasi ipo, inaruhusiwa.

Nilicheka moyoni mpaka nyumbani. Ampeleke! Akaaibike na jike la ovyo.

Jumapili, 8 Desemba

Ukumbi wa shule. Vizimba mia mbili, vumbi la manyoya, harufu ya kahawa. Milagros amekuja, amevaa hereni. Anasema anataka kushuhudia kwa macho yake.

Don Leandro, jaji kutoka Sevilla, amefika kwa Kardinali. Akampigia ulimi. Akagonga nyavu kwa kifimbo. Akalia kama jike, mzee wa miaka sabini, bila aibu. Kardinali akamtazama tu. Tangu Ijumaa hajajaza kifuko hata mara moja, na leo alikuwa bapa kama barua. Alama sabini na nane. Kwenye kadi: "Ndege ana msiba."

Notario, tisini na saba. Sawa. Nilikuwa nimejiandaa.

Kisha wakaingia safu ya majike. Nilikuwa nimegeuka kutafuta kahawa nikaona watu wakisukumana kusogea. Don Leandro alikuwa amevua miwani, ameifuta, ameivaa tena. Mbele yake Pastora amesimama wima, shingo nyuma, kifuko kidogo cha duara kimening'inia palepale kinapotakiwa, na mguu mmoja mbele. Miaka minne amekaa juu ya paa langu. Hakuwahi kusimama hivyo! Au labda alisimama, mimi nikiwa namtazama dume.

Alama tisini na nane. Ndege bora wa maonyesho, kumshinda hata Notario. Utepe wa dhahabu, mpana kama mshipi. Jaji ameandika: "Jike kamili. Sielewi mfugaji alikuwa amemficha wapi."

Casimiro kwenye kipaza sauti akasema heshima hii si yake, ni ya mtu wa Córdoba asiyemjua. Wale watu kumi na wawili wa baa wakageuka kunitazama. Nikapiga makofi. Nilipiga kuliko wote.

Milagros akanivuta mkono. Anamfahamu Pastora, humpa makombo dirishani kila asubuhi.

"Huyo si Pastora wetu?"

Nikasema anafanana naye sana.

Akaenda kwa Casimiro mwenyewe kuomba utepe wa paa letu. Niliwaona wakizungumza. Casimiro hakutaka, aliwayawaya, mwishowe akatoa karatasi mfukoni. Milagros akaisoma. Sahihi ilisomeka vizuri sana.

Akarudi, hakupiga kelele. Ningependa apige. Akasema neno moja, "Alhamisi," akatangulia kwenda nyumbani. Nilimfuata nimebeba kizimba, na nilipokuwa nikipanda ngazi nililia kidogo, kwa sababu ya vumbi.

Alhamisi, 12 Desemba

Banda limevunjwa. Nimelivunja mwenyewe, ubao mmoja baada ya mwingine, Milagros akinipa nyundo. Kamba sita zimefungwa. Shuka zinapepea. Ameniuliza njiwa wote ishirini na watatu wako wapi, nikamwambia nimewagawa kwa marafiki. Akanihurumia. Amenipikia supu.

Yaliyopita si ndwele. Kosa lilikuwa kumtegemea jike. Binadamu anategemewa zaidi.

Mama mkwe anaishi mtaa wa nne. Ana ua mkubwa, kibanda cha kuku kilichokaa kitupu, na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Nimewapeleka njiwa wote huko alfajiri kwa mikokoteni miwili. Nimemwambia ni kuku wa mayai, zawadi kutoka kwangu. Amefurahi mpaka akanibusu. Ameuliza mbona wananguruma. Nimemwambia ni kuku wa kaskazini, ndivyo wanavyozungumza huko. Milagros huja kwa mama yake kila Jumapili, lakini uani hafiki, anaogopa matope. Mpango hauna tundu.

Mama mkwe anataka kujua mayai yataanza lini. Nimemwahidi trei nzima Jumapili, akampikie binti yake. Kesho nitawahi sokoni kabla hayajaisha.