Loki Isiyoteleza

Jumatatu, tarehe 3
Mkuu wa wakataji amestaafu leo. Kaondoka na mto wa kochi kama zawadi, na vidole vyote isipokuwa ncha ya kimoja. Bosi, mama asiyecheka siku za kazi, katukusanya katikati ya karakana ya makochi. Kasema amechoka kununua plasta. Visu vyetu vya kukunja, loki zake za kuzuia bapa lisijifunge zimekwisha nguvu: unakata sponji, kisu kinajifunga, kidole kimo ndani. Ijumaa kila anayeutaka ukuu alete kisu kimoja. Chenye loki ya kuaminika kitanunuliwa kwa wote, na aliyekileta ndiye mkuu.
Kuna tatizo dogo. Mama mkwe nilishamwambia tangu mwezi jana kwamba mkuu ni mimi. Jumamosi anakuja kuona kwa macho yake.

Jumanne, tarehe 4
Nimenunua kisu kwa mchuuzi wa kona. Kaapa mpaka nikamwonea huruma. Ndani ya mpini mna kibati chembamba. Ukifungua kisu, kibati kinaruka na kusimama nyuma ya bapa, lisirudi. Mlio mtamu: ka!
Nikagonga mgongo wa bapa mezani, kama Bosi atakavyofanya. Pigo la kwanza, safi. La pili, kibati kikateleza. Kidole gumba, mkono wa kushoto. Mke wangu kanifunga kitambaa huku akiuliza kidole kilikuwa kinafanya nini pale. Swali la mtu asiyejua ufundi.

Jumatano, tarehe 5
Mshindani ni mmoja tu: Miwani, anayekaa meza ya pili. Kaleta kisu cha zamani chenye pete shingoni. Unafungua, unazungusha pete, bapa halirudi ng'o. Kila jioni anakipangusa kwa kitambaa. Anasema vumbi la sponji ndilo linaloua loki. Nimecheka sana, ingawa peke yangu.
Alipokwenda kula nikaimwagia pete yake mafuta ya cherehani, ilegee. Kumbe ilikuwa ngumu siku zote. Sasa inazunguka kama mpya. Miwani kaulizia nani kamsaidia, apate kumshukuru. Nimeinamia sponji yangu. Sipendi sifa.

Alhamisi, tarehe 6
Nimepata! Tone moja la gundi ya makochi kwenye kiungo, jingine nyuma ya kibati. Yamekauka usiku kucha. Nimegonga mezani mara arobaini. Meza imebonyea, kisu hakijatikisika. Mke wangu kauliza mbona nyumba nzima inanuka karakana. Nimemwambia ajiandae kuwa mke wa mkuu. Kasema alidhani tayari ni mke wa mkuu. Nilisahau kwamba na yeye nilimdanganya.

Ijumaa, tarehe 7
Bosi kagonga kisu cha Miwani mara kumi. Kimeshika. Kagonga changu mara kumi. Kimeshika. Kaomba nyundo ya mbao. Changu kimeshika vilevile! Bosi karibu atabasamu. Kanipa mkono, kasema hongera, haya, kikunje.
Nikamweleza kwamba kisu kizuri hakiharakishwi. Kasema kikunje. Nikasukuma. Fundi wa fremu akanisaidia. Tukasukuma wawili. Miwani, kwa adabu zake zile, kauliza wafanyakazi watakitia vipi mfukoni. Bosi hakuuliza kitu. Alikinusa tu. Yuko na gundi ile miaka thelathini.
Mkuu ni Miwani. Nimeumia, sitaficha. Chakula cha jioni kimenishinda.

Jumamosi, tarehe 8
Mama mkwe kafika saa nne. Nimemkalisha kwenye kochi lisilo na mteja. Kasema uzi umening'inia kwenye mkoba wake, mkuu autoe. Kisu changu nimekiacha nyumbani, maana hakikunjiki, hakiingii hata kwenye droo. Nikachukua kisu cha Miwani. Nikafungua, nikavuta uzi, nikakata. Pete sikuzungusha. Kidole gumba, mkono wa kulia.
Miwani kaja mbio na plasta. Kamwona mama mkwe, kaniona mimi, kaona kila kitu. Kanifunga taratibu, kasema kwa sauti ya kusikika: pole, mkuu. Kisha kauliza kama ninaruhusu aendelee na kazi. Nikaruhusu.
Mama mkwe kaondoka akijivuna. Nimelitafakari jambo hili njia nzima. Ni wazi kwamba Miwani ananiogopa.

Jumapili, tarehe 9
Mapumziko. Kalamu naishika kwa vidole visivyo gumba. Mke wangu kanifunga vifungo vya shati bila kuuliza lolote, jambo lisilo la kawaida.
Nimesikia Bosi anatafuta ngazi ya kukunja kwa ajili ya stoo, isiyojifunga mtu akiwa juu. Atakayeileta atakumbukwa.
Gundi imebaki nusu kopo.